Dereva mgeni, anza na Jumapili asubuhi

Ukishapata leseni, usikimbilie Barabara ya Mandela saa 1 asubuhi siku ya kazi. Amka Jumapili, saa 12 uwe barabarani, Dar ikiwa bado imetulia, na uzunguke njia ile ile wiki 3 au 4 mpaka ulijue kila shimo na kila tuta. Kiti cha kushoto akae mtu mtulivu. Anayepiga kelele atakuongezea woga tu.

Kinachowatesa wengi ni kuondoka kwenye mwinuko huku nyuma daladala limekubana. Tafuta kilima kisicho na magari. Vuta breki ya mkono, ingiza gia namba 1, achia klachi taratibu hadi usikie muungurumo unabadilika na pua ya gari inainuka kidogo. Hapo ongeza mafuta, ndipo ushushe breki ya mkono. Gari halirudi nyuma. Rudia mara 20, mguu uzoee wenyewe.

Bodaboda hupita pande zote mbili, kwa hiyo kabla hujakata kona tazama kioo, kisha geuza shingo kabisa. Mimi hadi leo nageuza. Wakikupigia honi waache wapige, wewe maliza kwanza unachofanya.