Mti mfupi, upinde gani? Kuchagua umbo kabla ya kushika tezo

Mti wenye urefu wa pima nzima hukubali karibu umbo lolote la upinde. Kazi huanza pale ulipopata kipande cha sentimita 140 hivi, kimenyooka, hakina fundo, na roho inakataa kukitia jikoni. Kipande hicho kinafaa, ila chenyewe ndicho kitakachoamua mshale uvutwe mpaka wapi. Wengi huanza na nguvu, "nataka ratili 50," wakaulazimisha mti, na upinde ukapasuka siku ya kwanza au ukabaki umepinda hata ugwe ukiwa umevuliwa.

Tuelewane majina kwanza. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe mpigaji. Mikono ni nusu mbili zinazopinda, juu na chini ya kishikio. Ugwe ndiyo kamba yake. Wengine huuita upote.

Hatua ya 1: Pima kilicho kizima

Ncha za mti uliokaushwa bila kupakwa kitu huwa na nyufa za sentimita 4 hadi 8. Kata mpaka ufa uishe, usijidanganye kwamba gundi itauficha. Kisha ondoa sentimita 2 kila ncha kwa ajili ya kata za kushikia ugwe. Urefu wa kuhesabu ni ule wa kutoka kata hadi kata. Mti wa sentimita 142 wenye nyufa fupi hukuachia 130 tu.

Tazama na nyuzi za mti. Zikikimbilia pembeni kabla ya kufika nchani, mgongo utainuka kibanzi hapo hapo. Miti yetu mingi haionyeshi pete za mwaka waziwazi, kwa hiyo njia ya salama ni kubandua gome na kuacha uso uliokuwa chini yake uwe mgongo, bila kuugusa kwa randa wala msasa mkali.

Hatua ya 2: Mti gani

Mpera ni mgumu, una nyuzi laini na hauna haraka ya kuvunjika. Kasoro yake ni kupindapinda. Mkole ukiupata mnyofu, usiuache. Mvinje ni mzito na una nguvu, lakini hupasuka vibaya ukikauka, kwa hiyo paka ncha zake rangi ya mafuta siku ile ile ya kukata. Mwembe ni laini mno. Mkarafuu uuache kabisa: wachumaji wa Pemba wanajua tawi lake linavyokatika ghafla bila kulia, na upinde wake utafanya vivyo hivyo mbele ya uso wako. Mikoko ina mti mzuri, na huko Fiji pinde zilichongwa kwa mizizi yake, lakini hapa Zanzibar kuikata kunataka kibali cha misitu. Afadhali ununue boriti kwa muuzaji halali.

Hatua ya 3: Hesabu ya mvuto

Chukua urefu unaopinda, ugawe kwa 2.2. Jibu ndilo umbali wa mwisho wa kuvuta, kutoka kishikio hadi ugwe. Mtu mzima anayevuta hadi shavuni anahitaji sentimita 66 hadi 71. Anayevuta hadi kifuani huishia 56 hadi 60. Mti wa kutoka kata hadi kata 130 ukipinda wote hukupa 130 ÷ 2.2, yaani 59. Basi shavu usahau, vuta kifuani.

Hatua ya 4: Chagua umbo

Hapa ndipo upinde unapoharibika au kupona.

*Upinde unaopinda mwili mzima, na kishikio pia.* Kwa mti mfupi hili ndilo la kwanza kulifikiria, na mara nyingi ndilo la mwisho. Hakuna sentimita inayokaa bure. Gharama yake ni kwamba hakuna mahali pa kuegesha mshale, unapita juu ya ngumi, na mkono huhisi mtikisiko kidogo.

*Upinde wenye kishikio kigumu.* Unapendeza na unashikika vizuri, lakini kishikio pamoja na miteremko yake miwili hula sentimita 20. Zinabaki 110, na 110 ÷ 2.2 ni 50. Huo ni upinde wa mtoto. Anayechonga umbo hili kwa mti mfupi kisha akavuta hadi shavuni ameshaupasua, bado sauti tu.

*Vipande viwili vilivyoungwa.* Ukiwa na gogo la sentimita 92 lisilo na ufa na lenye unene wa kutosha, lipasue kwa urefu upate mapacha. Waunge kwenye kishikio kwa kiungo cha mkia wa samaki, yaani kabari na pengo vinavyoingiliana, chenye urefu wa sentimita 10, kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Utapata 170 kutoka kata hadi kata. Ukitoa 20 za kishikio zinabaki 150, na mvuto ni 68. Kwa anayetaka kuvuta hadi shavuni, hii ndiyo njia. Kiungo lazima kikae ndani ya sehemu isiyopinda.

*Ncha zilizokunjwa mbele kwa mvuke.* Upinde mfupi ukivutwa sana, ugwe hukaribia kufanya pembe mraba na ncha, na uzito hupanda ghafla kama umegonga ukuta. Ncha zilizokunjwa hupunguza hilo. Haziupunguzii mti mateso lakini, huyaongeza. Mwanafunzi aziache.

Kubandika kano mgongoni, kama walivyofanya wapanda farasi wa nyika za Asia, ndiko kulikofanya pinde fupi zivutwe mbali. Ila kano hushikwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo hunywa unyevu. Masika moja ya Unguja inatosha kuilegeza. Ngozi mbichi ya mbuzi iliyobandikwa kwa gundi ya seremala huzuia vibanzi kuinuka, nguvu haiongezi.

Hatua ya 5: Upana na unene

Upana ukiupunguza kwa sehemu moja ya kumi, nguvu hupungua sehemu moja ya kumi. Unene ukiupunguza kiasi hicho hicho, nguvu hupungua zaidi ya robo. Kwa hiyo mti mfupi uchonge mpana na usio mnene, kwa sababu unene ndio unaovunja. Kwa umbo la kwanza: sentimita 4 kuanzia katikati hadi nusu ya kila mkono, kisha shuka kwa mstari mnyofu hadi sentimita 1.2 nchani. Mti mwepesi upe 5. Tumbo liwe bapa. Anza na unene wa milimita 18 katikati na 13 nchani, na lenga ratili 30, si zaidi.

Hatua ya 6: Kukausha

Ukishauchonga kwa makadirio, uweke darini, usiwe juani wala juu ya moto. Upime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Gramu zikiacha kushuka wiki tatu mfululizo, uko tayari. Kaskazi inasaidia, masika inachelewesha. Mti mbichi hauvunjiki upesi, lakini unalala, yaani unabaki umepinda.

Hatua ya 7: Kulinganisha mikono

Anza kwa kuukandamiza sakafuni, kisha ugwe mrefu, kisha ugwe wenyewe ukiwa sentimita 13 hadi 15 kutoka kishikioni. Ongeza mvuto sentimita 5 kwa mara moja, na baada ya kila kukwangua tumbo uvute mara 30 kabla ya kuhukumu. Usivuke ratili 30 kwenye mizani hata kama umevuta nusu tu. Kishikio kisogee kidogo mwishoni mwa mvuto. Kikipinda mapema, mikono bado minene. Mahali panapopinda kuliko pengine pasiguswe tena, kwangua kwingine. Mistari myembamba kama nywele tumboni ni mti uliobanwa kupita kiasi: punguza mvuto leo hii.

Ugwe uwe wa uzi wa poliesta, kwani nailoni ya nyavu hunyumbuka. Usiuachie bila mshale. Ukimaliza, paka vanishi tabaka tatu, na vua ugwe kila unapoacha kupiga.