Mstari wa maji kwenye jahazi la mfano: mambo ya kuzingatia kabla hujabandika tepu

Mtu wa pwani akiliangalia jahazi la mfano, jicho lake halikawii kushuka kwenye mstari wa maji, yaani mpaka wa rangi pale maji yanapofika ubavuni. Kamba zikiwa nene kidogo, atanyamaza. Tanga likikaa vibaya, atasema ni upepo. Lakini weupe wa chini ukikutana na mbao kwa mstari uliopinda, hapo ndipo atakapouliza nani kakitengeneza hicho. Na mstari huharibika mapema, wakati wa kulisimamisha na kulichora, kopo la rangi likiwa bado limefungwa. Basi liache limefungwa usome kwanza.

Jua unaiga mstari gani. Vyombo vya mbao vya pwani yetu vilipakwa mafuta ya papa, yaani sifa, juu ya maji, na chini vikapakwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, chombo kimekaa mchangani na maji yamekupwa. Ukiiga jahazi la namna hiyo, mstari mkali kama uliokatwa kwa wembe utakusuta. Ukiiga la siku hizi, lililopakwa rangi ya dukani, mstari mkali ni sawa. Tafuta picha iliyopigwa kwa ubavu, chombo kikiwa nchi kavu, na uitazame zaidi kuliko unavyoitazama ramani ya chombo.

Meli ya chuma ni habari nyingine. Chukua Liemba ya Ziwa Tanganyika: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Meli yenye maisha kama hayo haikuwa na sura moja. Chagua mwaka kwanza, ndipo uchague rangi na kimo cha mstari. Wala usichanganye mpaka wa rangi na alama ya Plimsoll, ule mduara uliokatwa na mstari, uliowekwa kisheria Uingereza mwaka 1876. Alama hiyo hukaa katikati ya ubavu na kazi yake ni kuonyesha mwisho wa kupakia.

Kama modeli yako itaelea, usichore chochote kabla hujaielesha. Ijaze kila kitu itakachobeba: betri, mota, uzito wa chini, mlingoti na tanga lake. Iweke kwenye karai, tia alama ndogo omo (mbele) na tezi (nyuma) pale maji yanapofika, kisha panda milimita 2 au 3, la sivyo mstari wako utazama na hakuna atakayeuona. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya bomba kwa takriban asilimia 2.5, lakini kwa chombo kidogo tofauti hiyo huipati kwa macho.

Sasa meza, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna kijana mmoja, fundi mzuri tu, mkono wake mwepesi, aliyechonga jahazi la mizani ya 1:25, yaani dogo mara 25 kuliko la kweli, kwa mzee aliyekuwa nahodha. Upana wake ulikuwa kama sentimita 20. Alipofika kwenye mstari wa maji alifanya yote ambayo watu hushauriana: akalaza kioo juu ya meza, akakaza jahazi kwenye kitako chake, akaweka pima maji juu ya ubao wa kukingama na kuchomeka kabari hadi kipovu kikatulia katikati. Akachora, akabandika tepu, akapaka. Mstari ulitoka msafi, hauna hata nywele ya rangi iliyopenya. Ukilitazama ubavu wa kulia, safi. Wa kushoto, safi vilevile.

Mzee alikuja na kanzu yake, akaamkiwa shikamoo, akaitika marahaba, wala hakwenda ubavuni. Alisimama mbele ya omo, akainama akalitazama jahazi uso kwa uso, namna mtu anavyolitazama jahazi linalomjia bandarini. Akauliza, "Shehena hii kaipakia nani?"

Kijana akasema, "Halina shehena, mzee wangu."

"Basi mbona limelala?"

Na kweli lilikuwa limelala. Upande mmoja weupe ulipanda karibu milimita 4 kuliko upande wa pili. Kwa mizani ile, hiyo ni kama sentimita 10 kwenye chombo halisi, na nahodha hawezi kukosa kuiona. Mzee hakugomba. Aliliacha pale pale mezani, akasema atapita siku nyingine.

Tulitafuta kosa kila mahali mpaka tukalikuta chini ya miguu yetu. Meza ilikuwa uani, na sakafu ya ua huinamishwa ili maji ya mvua yaende mferejini. Kioo kilikuwa bapa kabisa, ila kiliinama pamoja na sakafu. Pima maji ililisawazisha jahazi na dunia, lakini kipande cha kuchorea kiliteleza juu ya kioo, kwa hiyo penseli ilifuata kioo. Vipimo viwili, kila kimoja kweli, havikubaliani. Kijana alikwangua vanishi yote ya juu na rangi yote ya chini, akaanza tena kwenye mbao tupu, na mbao iliyokwisha kunywa vanishi haisahau haraka.

Kwa hiyo shika hili: meza haihitaji kuwa mlalo, inahitaji kuwa bapa, na kila kipimo kitoke mezani. Kioo kinene, kigae kikubwa cha marumaru, au jiwe la kaunta ya jikoni vinafaa. Meza ya mbao usiiamini kabla hujalaza rula ndefu ya chuma juu yake na kutazama kama mwanga unapita chini. Pima maji iache kwenye sanduku. Chukua skwea, kile kipimo cha pembe mraba, isimamishe mezani, upime kutoka mezani hadi ukingo wa juu wa jahazi, kulia na kushoto, mahali patatu: karibu na omo, katikati na karibu na tezi. Ongeza kabari mpaka pande zilingane. Jahazi la kuchonga mara nyingi pande zake hazifanani, kwa hiyo vipimo vitatu vikikataa kukubaliana, gawa tofauti katikati, halafu simama mbele ya omo kama yule mzee na uamue kwa jicho. Jicho la mbele ndilo hakimu hapo.

Kwa urefu, usidhani mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya chombo, unakwenda sambamba na maji. Vyombo vingi hukaa tezi ikiwa imezama zaidi kuliko omo, na ukiulaza mkuku mezani bapa utapata chombo kinachochovya pua. Chukua kimo cha mstari pale omo na pale tezi kutoka kwenye picha au ramani, tia alama mbili, kisha inua upande mmoja hadi alama zote mbili ziwe kimo kimoja kutoka mezani. Ukimaliza, kaza jahazi lisitikisike. Likisogea katikati ya kuchora, rudi mwanzo. Usijaribu kuunganisha.

Chombo cha kuchorea ni kipande cha mbao kilichonyooka chini, na penseli iliyofungwa juu yake kwa kimo unachotaka. Sukuma kipande, wala usisukume penseli. Ncha iguse kidogo tu, maana ukikandamiza, penseli huteleza juu kwenye mbavu zilizobinuka. Tumia penseli ngumu kiasi na chora hafifu. Peni ya maka usiitie karibu: wino wake hupanda juu kupitia rangi nyeupe, mkono wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, na utausaga kwa msasa ukiapiza.

Kama kuna utepe wa rangi ya tatu kati ya juu na chini, wengi hukwama hapo. Utepe wa kweli hupimwa kwa kimo, kwenda juu wima, haupimwi kwa upana juu ya mbao. Ubavuni, ambako mbao imesimama, vitu hivyo viwili ni kimoja. Tezi, ambako tumbo la chombo linaingia ndani kwa mlalo, utepe wa kimo cha milimita 5 unaweza kusambaa mara mbili juu ya mbao au zaidi. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Ukibandika tepu ya upana mmoja kuzunguka chombo chote, tezi itaonekana imebanwa na omo imevimba. Chora mistari miwili kwa vimo viwili, basi.

Mbao isiwe na vumbi wala mafuta. Piga msasa hadi namba 320, ziba vinyweleo kwa sila, piga msasa tena kwa wepesi. Usiporuka sila, rangi haitatambaa kwenye mishipa ya mbao hadi juu ya mstari. Mafuta ya juu, kama utayatumia, yaje mwisho kabisa, kwa sababu tepu haishiki kwenye mafuta na rangi haipendi jirani yake.

Tepu ya karatasi ya kawaida ni ya kufunikia sehemu pana. Ukingo wa mstari wenyewe uufunge kwa tepu nyembamba ya plastiki, ya milimita 2 au 3, kama ile wanayotumia wapiga rangi wa magari. Tepu pana ukiilaza kwenye mviringo hutafuta njia yake fupi, na mstari wako utabonyea katikati kama tabasamu. Ibandike bila kuivuta. Tepu iliyovutwa hurudi nyuma usiku, ikaachia pale penye bonde, na kesho utakuta rangi imeingia. Kisha kandamiza ukingo kwa ukucha, na tepu ya karatasi inayoshika sana iguse kwanza nguoni mwako ili ipungue nguvu. Gazeti moja tu halitoshi kufunika, rangi yenye thina hupita na kuchapa habari za jana kwenye mbao yako. Weka mbili, au plastiki.

Kabla ya rangi mpya, puliza mkono mwembamba wa rangi ileile iliyo chini ya tepu, au wa vanishi kama chini ya tepu kuna mbao. Kama ipo nafasi ya kupenya, itapenya hiyo, na rangi ikipenya juu ya rangi yake yenyewe haionekani. Acha ikauke, ndipo upulize rangi ya pili kwa mikono myembamba, bunduki ya kupulizia rangi ikielekea kutoka kwenye tepu kwenda kwenye mbao. Ukielekeza kinyume, unaisukuma rangi chini ya tepu kwa nguvu zako mwenyewe.

Hali ya hewa nayo. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, rangi ya selulosi hupata ukungu mweupe ikikauka. Ngoja siku kavu, au chagua aina nyingine ya rangi. Na usipake selulosi juu ya rangi ya mafuta, itaikunjakunja.

Itoe tepu wakati rangi haibandi kidoleni lakini haijawa ngumu kabisa, ukiivuta taratibu na kuikunja nyuma juu yake yenyewe. Ukiiacha kwenye jua la mchana, gundi yake itabaki, na kuiondoa kwa mafuta ya taa ni kucheza na bahati: jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ikianza kung'oa rangi, simama, badilisha upande wa kuvuta, pita wembe mpya ukingoni.

Mengine unayajua. Fungua madirisha, funika pua, thina na jiko visikae chumba kimoja. Andika jina la rangi uliyochanganya, utaihitaji siku ya marekebisho. Usianze kubandika tepu jioni umechoka, na usilikabidhi jahazi siku hiyohiyo, maana kwa joto letu rangi hushika vidole hata ukidhani imekauka. Watoto waambiwe mapema kwamba hilo si la kuchezea. Paka hawaambiliki, kwa hiyo funga mlango.