Upanga wa bei rahisi: ukague hivi kabla ya kuufanyia mazoezi

Kijana akija mazoezini hapa Mbeya na upanga mpya aliouagiza mtandaoni, kwanza hunionyesha makali. Mimi naanza na mpini, maana panga za mapambo huvunjikia humo.

Hatua ya 1: Jua chuma chake. Ukiona stenlesi, au namba 420 au 440, utundike ukutani. Stenlesi hiyo inafaa kisu cha jikoni. Ikirefushwa kufikia sentimita 70 na kuzungushwa kwa nguvu, inaweza kukatika ghafla bila hata kupinda. Sumaku haikusaidii hapa, kwani 420 na 440 nazo hunasa. Tafuta chuma cha kaboni kama 1060, au cha springi kama 5160, jamii ya springi za malori ambazo wahunzi wetu hufulia mapanga ya shamba. Chuma hicho hushika kutu, na kwa mvua na ukungu wa huku, kipake mafuta kila baada ya mazoezi.

Hatua ya 2: Fungua mpini. Hapa usiwe na haraka. Kwenye katana, yaani upanga wa Kijapani, kuna kijiti cha mwanzi kinachopenya mpini upande hadi upande, Wajapani hukiita mekugi. Kigonge taratibu kitoke, kisha vuta mpini. Ndani unatakiwa uone bapa lenyewe likiendelea, pana, bila kiungo, na kuzama zaidi ya nusu ya mpini. Ukikuta nondo nyembamba, unene wa penseli, imechomelewa kwenye bapa na kufungwa nati mwishoni, kazi imeisha. Angalia pale ilipochomelewa: mara nyingi utaona rangi ya bluu na kahawia. Ni alama ya moto, na moto huo umeharibu ugumu wa chuma mahali panapobeba nguvu zote.

Fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa atakwambia anaongezea tu, unakuwa imara. Mshukuru, uondoke nao. Na kama mpini umegundishwa haufunguki, uhesabu kuwa mbovu.

Hatua ya 3: Utikise. Shika mpini, piga ngumi juu ya mkono ulioshika. Ukisikia kitu kinacheza, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Upime. Katana nyingi nzuri huwa na kilo 1 hadi 1.3. Mzito kupita hapo utakuumiza kiwiko.

Hata uliofaulu ni wa kufanyia mazoezi peke yako, mbele yako kukiwa wazi. Na iaito, yaani katana butu ya mazoezi, ya aloi ya zinki na alumini haigonganishwi na kitu chochote.

Kwa mazoezi ya watu wawili, chonga wa mti. Misindano ya Mufindi ni laini mno. Chukua mkaratusi mkavu. Wachonga mipini ya majembe wanaujua: mwambie fundi nyuzi za mti zinyooke toka kwenye shikio hadi ncha, na kipande chenye kifundo akiache.