Kukausha maua nyumbani na kuyageuza mapambo, kwa sisi wa Mtwara tunaoishi na unyevu

Watu wengi wakisikia kukausha maua wanajua ni kuanika juani kama makopa ya muhogo, asubuhi unamwaga kwenye mkeka jioni unakusanya. Na mi nilianza hivyohivyo. Nilianika maua karatasi, ambayo wengine mnayaita bogenvilia, juu ya bati la banda la kuku, siku mbili tu rangi yote ikakimbia, na waridi nililochuma kwa jirani ndo kabisa, likawa kahawia likajikunja kama mende aliyepuliziwa dawa. Kumbe jua linakula rangi! Ua linataka kivuli na upepo. Na kwa sisi wa pwani tatizo wala sio joto, joto tunalo la kugawa, tatizo ni unyevu wa hewani, ua linaonekana limekauka kabisa afu baada ya wiki unalikuta lina ukungu. Kwahiyo maelezo mengi ya mtandaoni yaliyoandikwa na watu wa nchi za hewa kavu ukiyafuata kama yalivyo hapa Mtwara utaishia kulalamika.

Cha kwanza ni msimu. Masika yetu huku kusini yanaanza kama Desemba mpaka Aprili hivi, kipindi hicho kuning'iniza maua ni kulea ukungu, tumia njia ya pasi au ya mchanga ntakazoeleza huko chini. Kazi kubwa ifanye kuanzia mwezi wa sita kusi likishakolea mpaka mwezi wa kumi. Upepo ule ni mkavu kidogo, na usiku kunapoa, na kama upo Newala au Tandahimba huko juu uwandani mna bahati maana mpo mbali na bahari.

Sasa maua gani. Hapa ndo watu wengi wanapoteza muda, wanachukua ua zuri badala ya ua linalokaushika. Kanuni ni rahisi, bonyeza petali kwa vidole, likitoa maji jingi achana nalo. Yale maua meupe yenye moyo wa njano yanayopandwa sana makaburini, yenye utomvu mweupe kama maziwa, ni mazuri na yananukia lakini yanageuka kahawia yote, na utomvu wake unawasha ngozi. Haibiskasi ile nyekundu yenye ulimi mrefu nayo inajifunga siku hiyohiyo. Asumini inakuwa kahawia ila haina neno, tutaitumia kwenye mambo ya harufu.

Mfalme wetu ni maua karatasi. Yapo kila uzio kuanzia Shangani mpaka Mikindani, na siri yake ni kwamba ile sehemu ya rangi wala sio ua, ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kale kamrija keupe kadogo katikati. Ndo maana ni makavu tangu yako mtini. Mengine mazuri ni yale madogo ya mviringo kama vifungo, ya zambarau, ukiyagusa yanakwaruza, hayo hata ukiyasahau mwaka yanabaki na rangi yake. Marigoldi za njano na za machungwa zinafaa. Waridi linafaa ukilichuma likiwa nusu limefunguka, ila jua kwamba jekundu linaiva mpaka linakaribia weusi na jeupe linakuwa kama chai ya maziwa, pinki ndo inabaki na heshima. Usisahau visivyo maua, mashuke ya mtama, nyasi zenye manyoya za kando ya barabara, choya, vichwa vya ufuta vilivyopasuka vikabaki vitupu. Watu wa Lindi vichwa vya ufuta mnavitupa tu shambani, mi nimevitengenezea pambo la ukutani wageni wakadhani nimenunua Dar.

Na yale ya pinki yenye petali tano yanayoota yenyewe hata mchangani ni mazuri sana kwa kubana kwenye kitabu, ila ni sumu, asije mtu akachanganya na choya akachemsha chai. Weka mbali na watoto. Jingine la kwetu huku, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane hivi watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na maua yaliyo kandokando ya shamba yanakuwa na vumbi la njano. Usiyaguse. Yanawasha macho na ukiyaweka chumbani utajuta.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, saa tatu au saa nne, sio jioni ua limeshachoka na sio alfajiri limelowa. Ukate na kijiti kirefu, uondoe majani yote ya chini, majani ndo yanayobeba maji.

Njia ya kuning'iniza ni hivi. Funga vifungu vidogo, vijiti vitano sita basi, ukifunga furushi kubwa, ua la katikati linaoza. Funga kwa rababendi, sio uzi, kwasababu kijiti kikikauka kinasinyaa, uzi unalegea na usiku unasikia pwaa! maua yote chini. Afu ning'iniza kichwa chini miguu juu ili kijiti kikauke kimenyooka, kwenye kamba, chumba chenye giza kidogo na hewa inayopita. Jikoni hapana, mvuke wa wali na moshi. Karibu na bafu hapana. Dirisha linaloangalia bahari hapana. Mi natumia stoo ya uani, nimeweka pazia la kanga kuukuu dirishani, hewa inaingia jua haliingii. Kwa wenzetu wa hewa kavu wiki mbili zinatosha, hapa kwetu hesabu tatu, na usiamini macho, vunja kijiti kimoja, kikilia kat! kimekauka, kikipinda rudisha kambani.

Njia ya kubana ni ya kadi na fremu. Chukua karatasi nyeupe za kawaida za kuprintia, laza ua, funika na karatasi nyingine, ingiza kwenye kitabu kinene usichokipenda sana, juu weka matofali mawili au dumu la maji la lita 20. Gazeti lina wino unahamia kwenye petali, tishu ina vile vinundu vinaacha alama. Badilisha karatasi siku ya pili na siku ya nne, hili ndo watu wanaliruka na ndo linaloleta ukungu, maana karatasi imeshanyonya maji na sasa inamrudishia mwenyewe. Baada ya wiki mbili hivi tayari. Ua nene kama waridi usilibane zima, pukutisha petali mojamoja.

Ukiwa na haraka au mvua inanyesha tumia pasi. Toa maji yote ndani kama ni ya mvuke, weka moto mdogo, ua likiwa katikati ya karatasi mbili kandamiza sekunde kumi na tano, usisugue kama unanyoosha shati! Nyanyua, acha ipoe, rudia mara nne tano mpaka ua liwe kama ganda la kitunguu. Pasi ya mkaa inafaa pia ila sikiliza joto lake kwanza kwenye karatasi tupu.

Njia ya mchanga ndo naipenda kuliko zote kwasababu ua linabaki na umbo lake, linakaa kama lipo hai. Na mchanga si tunao. Ila subiri, mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi inavuta maji hewani, kama unabisha angalia kopo la chumvi jikoni kwako mwezi wa pili lilivyolowa. Mara yangu ya kwanza nilibeba mchanga mweupe mzuri kutoka ufukweni nikafukia waridi kumi, baada ya wiki mbili nikafukua uji. Kwahiyo osha mchanga kwa maji baridi ya bomba, tia kwenye ndoo koroga mwaga, mara nne, afu onja kwa ncha ya ulimi, ukisikia chumvi rudia. Anika kwenye turubai mpaka ukauke kabisa, chekecha. Ukishauosha ni wa kutumia miaka.

Chukua boksi la viatu, mwaga mchanga unene wa vidole viwili, simamisha ua likiangalia juu na kijiti ukikate kifupi, afu mwagia mchanga kwa kijiko taratibuuu kuanzia pembeni, uingie katikati ya kila petali bila kulibana, mpaka lifunikwe. Usiweke mfuniko, maji yatatokea wapi? Weka boksi juu ya kabati, sahau kwa wiki mbili au tatu. Kufukua usichomoe, inamisha boksi mchanga umwagike wenyewe ua libaki, malizia na brashi laini, mi natumia ile ya poda iliyozeeka.

Vile vipakti vidogo vya chengachenga vinavyokuja kwenye viatu vipya na mikoba usivitupe, vinanyonya unyevu. Vikusanye, tumbukiza kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na maua yaliyokauka, hapo ndo pa kuhifadhi. Ukikosa, mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, ufunge kwenye kitambaa, unasaidia saidia. Na karafuu chache za kufukuza wadudu.

Haya, tuje kwenye kutengeneza. Kadi ndo pa kuanzia. Gundi ya mbao ile nyeupe changanya na maji kidogo, chovya kijiti cha meno, gusisha nyuma ya petali nukta mbili tatu, bandika. Gundi ikijaa inalowesha ua rangi inavuja. Alamisho za kuwekea kwenye Msahafu na vitabu nazipeleka stesheneri wakanipigie lamineshen, na hapa nina kovu. Kuna oda ya alamisho thelathini za harusi, maua niliyabana siku tano tu kwa haraka, yakapita kwenye mashine, unyevu uliobaki ukachemka humo ndani, zote zikatoka na mapovu na madoa ya kahawia. Bi harusi alinyamaza tu, afadhali angenisema. Siku hizi nikibana lazima nipitishe na pasi kabla ya kwenda stesheneri.

Fremu, nenda kwa fundi vioo akukatie, nyuma ukishafunga zungushia gamtepu pande zote nne hewa isiingie, na usitundike linapopiga jua. Mishumaa pia inapendeza, unabandika maua kwa nje tu kwa kupaka nta ya moto kwa brashi, ila weka mbali na utambi, ua kavu ni kuni.

Kitu kinachonitoka sana ni shada la chelewa. Chambua fagio la chelewa, loweka njiti usiku kucha ziwe laini, chukua kama ishirini zizungushe duara la ukubwa wa sahani, funga na uzi kila baada ya vidole vinne, acha zikauke siku mbili. Afu ndo unapandikiza maua kwa gundi ya moto, anza na nyasi za manyoya zielekee upande mmoja, juu yake maua karatasi, mwisho vile vifungo vya zambarau vichache vichache. Usijaze duara zima, jaza nusu, nusu nyingine acha chelewa yenyewe ionekane. Nilikuwa najaza zima ikawa kama shada la msibani, mama mkwe akaniuliza nani kafa.

Na kifuu je. Kifuu cha nazi kisugue msasa nje mpaka kiteleze, paka vanishi, ndani tia asumini kavu, majani ya mrehani, maganda ya machungwa yaliyokauka, mdalasini, karafuu kiganja. Kabla ya kutia kifuuni, mchanganyiko huo unyunyizie matone ya mafuta ya udi, ufunge kwenye kopo wiki mbili uwe unautikisa, maana asumini ikikauka harufu yake inaondoka karibu yote, ni mafuta yanayoirudisha. Weka chumbani kwa wageni. Harufu ikififia ongeza matone, usibadilishe maua.

Shada na fremu ukizimaliza spreya ya nywele ipulizie kwa mbali mara mbili, inasaidia petali zisidondoke, na vumbi likikaa puliza na kikaushia nywele upande wa baridi. Kama unatuma kwa basi kwenda Dar, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa ndani ya boksi mpaka likitikiswa lisisikike, na juu andika KIOO kwa maka peni kubwa pande zote. Ndio, sio kioo. Lakini ukiandika maua konda anaweka gunia la korosho juu yake.