Kubadilisha kioo cha mbele cha gari dogo la zamani: kazi kubwa iko kwenye fremu

Anayetaka kubadilisha kioo cha mbele huwaza kioo chenyewe: kitapatikana wapi, kitafika kizima, kitaingia? Mimi nikiletewa gari dogo la miaka 20 au 30, macho yangu huenda kwanza kwenye chuma kinachokizunguka kioo. Kioo kitakuja kipya. Fremu ndiyo iliyokaa na maji, vumbi na majani makavu miaka yote hiyo, nayo ndiyo itakayoamua kama kazi ni ya asubuhi moja au ya siku kadhaa. Kwa hiyo mwongozo huu utaenda haraka kwenye mambo mengi na kukaa sana hapo kwenye fremu.

Kwanza: ni lazima kibadilishwe?

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanana na utando wa plastiki katikati yake. Ndiyo maana kikipigwa hupata ufa lakini hakimwagiki mapajani, tofauti na vya milangoni, ambavyo vikivunjika husambaratika punje punje. Jiwe la barabarani kwa kawaida huumiza kioo cha nje tu. Ingia ndani ya gari upitishe ukucha juu ya alama: ukihisi mkwaruzo hata upande huo wa ndani, badilisha.

Alama iliyo ndogo kuliko sarafu, isiyofika ukingoni na isiyo mbele ya macho ya dereva, inazibika kwa rezini ya vioo. Kifaa chake hufyonza hewa iliyo ndani ya jeraha kwanza, kisha husukuma rezini iingie, halafu rezini hukaushwa kwa jua au kwa taa yake maalumu. Sharti jeraha liwe kavu na safi, kwa hiyo mara tu jiwe linapogonga, bandika kipande cha tepu juu yake na usipeleke gari kuoshwa. Usitarajie alama ifutike kabisa, maana kivuli chake kitabaki. Unachopata ni kwamba ufa hautatambaa.

Ufa uliofika ukingoni usiuzibe. Ukingoni ndiko kioo kinakopokea mkazo kila bodi inapojipinda kwenye mashimo, na ufa wa huko utaendelea tu. Badilisha pia ukiona weupe kama ukungu unaingia kutoka pembeni, kwa sababu utando wa katikati umeanza kuachana na kioo.

Pili: kimeshikwa na nini?

Magari madogo ya zamani yana mitindo miwili. Kwenye mmoja, mpira mnene wenye mifereji miwili unazunguka kioo: mfereji mmoja unashika kioo, mwingine unashika ukingo wa chuma. Hakuna gundi inayobeba uzito. Kwenye mwingine, kioo kimegandishwa moja kwa moja kwenye bodi kwa gundi nyeusi, na kile kimpira chembamba unachokiona nje ni cha kufunika mwanya tu. Inua kona ya mpira kwa ncha ya plastiki. Ukikuta gundi nyeusi ngumu chini yake, gari lako ni la mtindo wa pili. Nitaanza na huo, kwa sababu ndio unaohitaji uangalifu zaidi.

Vitu vya kutafuta kabla ya kugusa chochote

Kioo. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye kona yake. Unatafuta herufi E ndani ya duara pamoja na 43R, ambayo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya usalama, au AS1 kwa vioo vya soko la Marekani. Linganisha na cha zamani mahali pa kushikia kioo cha kutazamia nyuma na umbo la kona. Kioo kilichotumika, ikiwa kilikuwa cha gundi, sikishauri: kukitoa kizima ni kazi ngumu, na mara nyingi ukingo wake huwa umeumia bila kuonekana.

Gundi. Iwe poliyurethani iliyotengenezwa kwa vioo vya magari, pamoja na kisafishio na praima (mipako ya awali inayotangulia gundi) za kampuni hiyohiyo, maana dawa hizi hutengenezwa zifanye kazi pamoja. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye mrija. Silikoni ya bafuni usiipokee hata ukipewa bure: haina nguvu ya kushika kioo gari likipata ajali, na ile inayonuka siki hula chuma.

Kiasi cha gundi kinahesabika. Mzingo wa kioo cha gari dogo ni kama mita 4. Mstari wa gundi wenye umbo la pembetatu, upana milimita 8 na kimo milimita 12, utatumia takriban mililita 190. Mrija wa mililita 310 unatosha kwa hesabu, lakini nunua miwili. Gundi ikikuishia robo tatu ya njia, iliyotangulia itakauka juu wakati unahangaika.

Zaidi ya hapo: waya wa chuma uliosokotwa wa kukatia gundi na vipini viwili, kisu chenye wembe mpya, patasi pana, vishikio viwili vya kunyonya kioo, bunduki ya gundi, tepu ya karatasi, msasa, brashi ya waya, miwani na glavu nene. Na mtu wa pili. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Kutoa kioo cha zamani

Bandika tepu kwenye kioo mahali waipa zinapolala, ili ukizirudisha zikae palepale. Zitoe, kisha toa plastiki ya chini ya kioo. Klipu zake kwenye gari la umri huu huwa zimekauka na nyingi zitavunjika, basi uwe na za akiba. Toa kioo cha kutazamia nyuma na vifuniko vya nguzo za pembeni. Funika dashibodi na boneti kwa blanketi nzito.

Toboa gundi kwa msumari mrefu, pitisha waya, funga kipini kila upande. Mmoja akae ndani, mwingine nje, mvute kwa zamu kama watu wenye msumeno wa mikono miwili. Waya ulale sambamba na kioo. Ukiuelekeza chini utakwaruza rangi ya fremu, na kila mkwaruzo hapo ni kazi ya ziada baadaye. Kwenye kona gundi huwa nene, nendeni polepole. Ikishakatika yote, inueni kioo kwa vishikio na mkiweke mbali. Vumbi la kioo lifyonzwe na mashine, hasa kwenye matundu ya hewa ya dashibodi, la sivyo siku feni ikiwashwa litarukia machoni.

Fremu

Hapa ndipo usiharakishe.

Utaona utepe wa gundi ya zamani umebaki kwenye chuma. Wengi hutaka kuukwangua wote ili paonekane safi. Usifanye hivyo. Kama umeshika vizuri, ukate kwa patasi kali ubaki na unene wa milimita 1 hadi 2, sawasawa pande zote. Gundi mpya hushika vizuri sana juu ya gundi iliyokatwa muda huohuo, kuliko inavyoshika juu ya chuma kilichokwanguliwa. Ukishaikata usiiguse kwa vidole wala usiifute kwa petroli. Mafuta ya mkono yanatosha kuharibu mshiko.

Kisha tafuta kutu. Anza kona mbili za chini, ndiko maji yanakojificha. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi kila penye rangi iliyovimba. Rangi itapasuka kama ganda la yai, na chini yake utakuta unga wa kahawia. Sasa shika gundi ya hapo uivute. Ikiinuka yenyewe, igeuze uone mgongo wake: ukiona umebeba tabaka la kutu na vipande vya rangi, jua kwamba kioo cha zamani kilikuwa kinashikwa na kutu tu sehemu hiyo. Fuata utepe huo mpaka ufike pale unapogoma kuinuka. Mpaka wa kutu ni huo, hata kama kwa juu rangi inaonekana nzima mbele kidogo.

Kwangua, piga brashi, kisha msasa mpaka chuma king'ae. Vishimo vidogo vidogo visivyopenya vinakubalika ukishatoa weusi uliomo ndani yake. Tundu lililopenya linahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Wapo wanaojaza lami ya bodi, yaani ile puti ya kuzibia mashimo ya bodi, na kupaka rangi juu. Nawaomba msikubali. Gundi itaishika lami vizuri tu, lakini lami haitalishika gari.

Chuma kilichobaki wazi kipakwe praima ya kuzuia kutu inayokubaliana na gundi yako. Ukilazimika kupaka rangi ya kawaida eneo kubwa, iache ikauke kabisa, kwa siku ambazo mtengenezaji wa rangi anataja, kabla ya kuweka gundi. Nguvu ya gundi haizidi nguvu ya rangi iliyo chini yake. Mikwaruzo midogo ya waya ipakwe praima kwa brashi ndogo, pale penye mkwaruzo tu, usiipitishe juu ya gundi ya zamani isipokuwa maelekezo ya chupa yanasema hivyo.

Kujaribu kioo kikiwa kikavu

Wekeni kioo kipya bila gundi, kikae juu ya vipande vya mpira vya chini vinavyobeba uzito wake. Kisogezeni mpaka mwanya wa kushoto ulingane na wa kulia. Bandika vipande vya tepu, nusu kwenye kioo na nusu kwenye bodi, viwili juu na kimoja kila upande, kisha zikate kwa wembe kwenye mwanya. Baadaye, gundi ikiwa mbichi, tepu hizo ndizo zitakazowaonyesha pa kukitua.

Kuandaa kioo na kupaka gundi

Safisha ukingo wa ndani wa kioo kwa kisafishio na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ule mstari mweusi uliochapwa pembeni si urembo: unaikinga gundi na jua. Praima ya kioo ipake juu yake kwa mkono mmoja usiorudi nyuma, uiache ikauke kwa dakika zilizoandikwa.

Kata mdomo wa mrija uwe na pengo la umbo la V, milimita 8 kwa 12. Shika bunduki wima, anzia katikati ya chini, zunguka bila kusita, na mwisho upandane kidogo na mwanzo. Ukiona kiputo au pengo, rekebisha palepale. Gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo hewa yenye unyevunyevu na joto huiharakisha, na hewa kavu ya baridi huichelewesha. Juu yake huanza kufanya ngozi ndani ya dakika chache, na ikishafanya ngozi haishiki tena vizuri. Kwa hiyo msaidizi awe ameshasimama na vishikio mkononi kabla hujabonyeza bunduki.

Shusheni dirisha moja. Tueni sehemu ya chini ya kioo kwanza, tepu zikutane, kisha mlaze ya juu. Bonyeza kwa viganja kuzunguka kote, bila kugonga. Bandika tepu ndefu kutoka kwenye kioo hadi paa ili kisiteleze.

Acha dirisha wazi kidogo, na milango ifungwe taratibu. Mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kabisa, hewa husukuma kioo nje na kufungua mwanya usioonekana. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye mrija: zipo gundi za saa moja, zipo za siku nzima. Uheshimu. Kwenye gari lenye mfuko wa hewa wa abiria, mfuko ukifumuka huegemea kioo hiki, na gari likipinduka kioo husaidia kubeba paa.

Kama ni kioo cha mpira

Nunua mpira mpya, wa zamani huwa umekuwa mgumu. Fremu itengenezwe vilevile, kutu haichagui mtindo. Vika mpira kwenye kioo, laza kamba imara ya nailoni ndani ya ule mfereji wa mpira unaoshika chuma, kuzunguka kote, ncha zipishane katikati ya chini. Paka maji ya sabuni. Mmoja asukume kwa nje kwa viganja, aliye ndani avute ncha moja ya kamba kuelekea katikati ya gari. Mdomo wa mpira utapanda juu ya chuma hatua kwa hatua. Ukigoma, ongeza sabuni, usiongeze nguvu: kioo huvunjikia hapa kuliko mahali pengine popote.

Kujaribu maji

Gundi ikishakauka, mwagia maji ya bomba bila presha, ukianzia chini na kupanda polepole, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua yameingilia wapi. Penye mvujo, kausha, safisha, ongeza gundi ileile kwa nje. Kisha rudisha plastiki ya chini baada ya kuzibua mifereji yake ya majani, na ufunge waipa ukiwa umezitia mipira mipya, kwa sababu ya zamani imebeba mchanga utakaokwaruza kioo kipya mvua ya kwanza ikinyesha.