Rubani ukiumwa: namna ya kujitoa kwenye rosta (ratiba ya safari), kulinda mshahara na kulinda leseni

Mwongozo huu nauandikia marubani wa Tanzania, hasa wale wa ndege za mapangaboi wanaoruka safari nne au tano kwa siku. Nimekaa kiti cha kushoto, cha kapteni, miaka mingi, na nimeona vijana hodari wakihangaika siku ya kwanza wanapoumwa kuliko siku ya kwanza walipozimiwa injini kwenye simuleta, mashine ya mazoezi ya kuruka.

Hatua ya 1: Jipime usiku, si alfajiri

Ukiwa na safari ya saa kumi na mbili asubuhi, uamuzi ufanye saa mbili au saa tatu usiku. Hapo mpangaji wa rosta bado ana mtu wa stendibai, yaani rubani wa akiba, wa kumwamsha kwa heshima. Ukisubiri saa kumi alfajiri utakuwa umeshajidanganya mara tatu kwamba unaendelea vizuri.

Mimi hujiuliza maswali machache: ninaumwa? Nimemeza dawa gani? Nimelala? Kichwa kina msiba au ugomvi wa nyumbani? Kisha nabana pua, nafunga mdomo, napuliza taratibu. Masikio yote mawili yakifunguka, sawa. Moja likigoma, siruki.

Hili la sikio nililijua kwa gharama. Mwaka mmoja nilikuwa na mafua ya kawaida, nikajiambia Mwanza ni karibu. Kupanda hakukuwa na shida, kwa sababu hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hutoka yenyewe. Shida ni kushuka, maana hewa inatakiwa irudi ndani kupitia mrija mwembamba unaotoka kooni, na ukiwa umevimba haupitishi kitu. Tulipoanza kuliacha anga la juu kuelekea ziwani, sikio la kushoto lilianza kama mtu anasokota msumari polepole. Nikameza mate, nikapiga miayo ya uongo, wapi. Machozi yakatoka. Nikamkabidhi ndege rubani msaidizi, nikabaki na redio, nikimsikia mwongozaji wa ndege kwa sikio moja. Kijana alitua vizuri. Mimi nilirudi Dar kwa basi na kukaa chini bila kuruka wiki tatu. Ningejitoa usiku ule, ningekosa siku tatu tu.

Hatua ya 2: Piga simu, sema kidogo

Piga, usitume ujumbe peke yake. Ujumbe hauonyeshi kama umesomwa. Simu yangu huwa hivi (ED ni karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi):

"Dada, habari za jioni. Nina Mwanza kesho asubuhi. Siko fit kuruka. Asubuhi naenda hospitali, ED nitakutumia kabla ya saa sita mchana."

"Pole sana Kapteni. Hata Zanzibar tu, kwenda na kurudi? Dakika ishirini."

"Hata Zanzibar, dada. Siruki."

Angalia nisichosema. Sisemi "nahisi kama siko vizuri", wala "wewe unaonaje?", wala "ngoja tuone asubuhi itakuwaje". Ukimwuliza mpangaji anaonaje, umemtwika kazi isiyo yake, naye ana ndege tano na watu wanne. Atakuomba uruke, na hana kosa. Kuomba ndiyo kazi yake. Kanuni za kimataifa za leseni, Kiambatisho cha 1 cha shirika la usafiri wa anga duniani ICAO, zinamkataza mwenye leseni kuitumia pale anapojua afya yake imepungua kiasi cha kumzuia kufanya kazi kwa usalama. Anayejua ni wewe. Mpangaji hayumo ndani ya sikio lako.

Ukikata simu, sasa ndiyo utume ujumbe mfupi wenye tarehe, saa na namba ya safari. Huo ni ushahidi wako.

Hatua ya 3: Hospitali, na mwambie daktari unafanya kazi gani

Usipomwambia, utapewa piritoni kama mtu yeyote mwenye mafua, ulale fofofo, na kesho yake ujione mzima kumbe dawa bado imo. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, huwaelekeza marubani wake kuhesabu hivi kwa dawa zisizofaa kuruka nazo: chukua muda kati ya dozi na dozi, zidisha kwa 5. Dawa ya kila saa 6 inakuweka chini saa 30 tangu kidonge cha mwisho. Mimi naitumia hesabu hiyo hata hapa kwetu, lakini neno la mwisho ni la daktari wa anga, yule anayepima afya za marubani.

Malaria nayo tumeizoea mno. Mseto, dawa yake, ni dozi 6 ndani ya siku 3, lakini kumaliza vidonge si kupona. Miguu bado inatetemeka, na jasho linakutoka ukipanda ngazi za ndege.

Hatua ya 4: ED iwe kamili, na ifike

Kagua kabla hujatoka dirishani: jina lako, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la daktari na namba yake ya usajili, saini, mhuri. ED isiyo na tarehe ya mwisho ni karatasi ya kufungia karanga.

Mtu wa rosta anahitaji kujua siku ngapi, si ugonjwa gani. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usiibandike picha ya ED kwenye kundi la WhatsApp la marubani hata kama "bosi yumo humo". Itume kwa anayehusika.

Na itume kweli. Daktari anakupa wewe karatasi, hampigii mwajiri wako. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi kwenye milima ya Alps, Ufaransa, wakafa watu wote 150. Madaktari walikuwa wamemwandikia mapumziko, naye hakuzifikisha karatasi kazini.

Hatua ya 5: Jua hesabu ya mshahara wako

Hapa ndipo wengi wanaporubunika, kwa hiyo soma taratibu.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakupa angalau siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Bila cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kukulipa. Aliye kazini chini ya miezi sita hana likizo hii ya malipo, kwa hiyo mgeni asome mkataba wake kwanza. Ukiumia au kuugua kwa sababu ya kazi yenyewe, njia ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Ukilinganisha na Kenya, tuna bahati. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inatoa angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa miezi 12, baada ya miezi miwili kazini. Mwenzetu wa Nairobi anategemea zaidi kile chama chake kilichopigania mezani.

Lakini marubani wengi hawaishi kwa mshahara wa msingi. Wanaishi kwa posho ya saa za kuruka, na hiyo ukilala hailali nawe, inakwenda kwa mwingine. Mtu mwenye ada ya shule ya Januari haoni 126, anaona saa 20 zinazopotea. Dawa yake ni akiba ya mwezi mmoja wa posho, na bima ya kupoteza leseni ikiwa unaimudu.

Hatua ya 6: Kama ugonjwa ni mzito, cheti cha afya kinahusika

Kwa kanuni za ICAO, cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, na 6 ukishavuka miaka 60, au 40 kama unabeba abiria bila rubani msaidizi. Tarehe kuwa bado haijafika si ruhusa ya kuruka. Ukifanyiwa upasuaji, ukilazwa, au ukianza dawa ya kila siku, mpigie daktari wako wa anga kabla hujarudi. Ulaya kanuni inataja pia ugonjwa mzito unaokuzuia kufanya kazi.

Hatua ya 7: Kurudi

Rudia jaribio la pua, bila dawa mwilini. Wajulishe rosta jioni ya kutangulia, na omba siku ya kwanza iwe ya safari mbili, si tano. Mara nyingi wanakubali.

Kisha andika siku ulizotumia kwenye daftari lako mwenyewe, kwa sababu hesabu ya ofisini na yako zitakuja kutofautiana. Mimi huandika nyuma ya kitabu cha saa za kuruka, kwa penseli. Mzunguko huu nimefikisha siku 26.