Safari ya BMX Pemba: zege la zamani kutoka Mkoani hadi Wete

Uingereza kuna skeitipaki za zege za mwaka 1978, yaani viwanja vya kuchezea skeitibodi na BMX, baiskeli ndogo za michezo ya kuruka. Moja ni Rom, pale Hornchurch, ambayo mwaka 2014 iliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa. Pemba hatuna paki ya namna hiyo. Tuna majumba ya Karume, yale magorofa ya makazi ya Mkoani, Chake na Wete, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na kandokando yake ngazi, kingo na sakafu za zege zinazotutosha kabisa. Safari yake tunaipanga hivi.

1. Chagua wakati. Masika yaache, zege linaota utelezi wa kijani. Msimu wa karafuu nao una adabu yake: sakafu uliyoifuata utaikuta imetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa tangu asubuhi. Usipite hata karibu. Vumbi la tairi lako linaharibu mali ya mtu.

2. Fungua pedeli kabla ya boti. Baiskeli inalala vizuri kwenye mizigo na haimchubui mtu. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine hukazwa. Wengi huilazimisha wakaua uzi.

3. Piga hodi kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Aende mkubwa wenu, aseme mnatoka wapi, mtacheza wapi, na kwamba adhana ikilia mtasimama. Kisha wasalimieni wazee wa barazani. Ndio wenye neno pale. Fungeni pegi (vibomba vya kwenye ekseli vya kutelezea juu ya kingo) za plastiki, za chuma zinachimba kingo za watu.

4. Lipime zege. Hapa msiwe na haraka hata kidogo. Fagieni, kisha gonga ukingo kwa spana. Zege zima hutoa mlio mkavu, wa juu. Lililoachana ndani hutoa mlio mzito wa kitu kitupu. Ukiona michirizi ya kutu, jua chumvi ya bahari imeshafika kwenye nondo. Nondo ikiota kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, kwa hiyo usilirukie, litamomonyoka chini ya tairi.

Ufa mdogo unazibika, sheha akiridhia. Usugue kwa brashi ya waya, uuloweshe, kisha ujaze saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga wa pwani usiuguse, chumvi yake ndiyo ile ile inayokula nondo. Funika kwa gunia bichi na mwombe kijana wa hapo alimwagie maji kila siku. Kazi hii ifanyeni Mkoani mkishuka tu, maana boti ya kurudi mtaipandia hapo hapo. Mkikaa Chake na Wete siku nne au tano, saruji itakuwa imeshika na mtaweza kuipanda.

5. Punguza upepo wa tairi. Kwenye zege korofi psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 45 hadi 50 inatosha. Zaidi ya hapo baiskeli inadunda na mikono inakufa ganzi.

6. Barabarani pandeni gari. Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, Chake hadi Wete vivyo hivyo, na Pemba ni vilima mwanzo mwisho. BMX ina gia moja na kiti kiko chini. Ukiikanyaga njia nzima, magoti yatakuwa yamekwisha kabla hujaruka ngazi hata moja. Baiskeli ziende juu ya keria, zifungwe kamba kwenye fremu, siyo kwenye spoki.

7. Kila usiku osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, futa, tia cheni mafuta.